Kuku Hana Shikamoo

MSOMI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA: Haloo. Haloo, unanisikia?

MSOMI: Kwa mbali. Nani anaongea?

MAMA: Mama yako. Umeshaisahau sauti yangu?

MSOMI: Ah, Mama. Shikamoo. Namba ngeni hii, nikadhani ni watu wa chuo wananitafuta.

MAMA: Marahaba, Msomi wangu. Ni simu ya Mama Pacha hapa jirani. Yangu haina chaji, umeme huku umekatika tangu asubuhi. Hujambo?

MSOMI: Sijambo. Macho yanaendeleaje?

MAMA: Macho yanaona ya kuona. Mbona sauti yako inatoka kama uko ndani ya pipa?

MSOMI: Ni... subiri kidogo. (kitu kinakwaruza simu) Haya. Sasa je?

MAMA: Sasa umetoka kwenye pipa. Ulikuwa wapi?

MSOMI: Mtandao tu, Mama. Kuta za ofisini nene.

MAMA: Kumbe uko kazini. Basi nisikupotezee muda, bosi wako asije—

MSOMI: Hapana, niko mapumziko. Ongea tu.

MAMA: Umekula?

MSOMI: Nimekula.

MAMA: Umekula nini?

MSOMI: Mama.

MAMA: Nauliza tu. Aliyekula hasiti kusema alichokula.

MSOMI: Viazi. Nimekula viazi.

MAMA: Vitupu?

MSOMI: Na kuku.

MAMA: Kuku siku ya kazi. Ofisi hiyo ina neema.

MSOMI: (anacheka, kicheko kinageuka kikohozi) Kuku tumewazoea huku.

MAMA: Na kikohozi hicho umekitoa wapi?

MSOMI: Kiyoyozi. Humu ndani baridi, wanakifungulia kutwa.

MAMA: Si uvae sweta?

MSOMI: Nimevaa, Mama. Nimevaa nguo nzito mno. Mbona leo sisikii cherehani? Siku zote unanipigia mguu ukiwa kwenye pedali, inabidi niulize kila neno mara ya pili.

MAMA: Nimekwambia umeme hakuna.

MSOMI: Cherehani yako ni ya mguu. Haijawahi kula umeme hata siku moja.

MAMA: Nimeipumzisha. Mkanda umelegea. Na wewe usinihoji kama askari, nipe habari za kazi.

MSOMI: Habari ninayo. Nilitaka kukupigia jioni. Nimehamishwa.

MAMA: Umefukuzwa.

MSOMI: Nimehamishwa, Mama. Kwenda pazuri. Wameniingiza ndani.

MAMA: Ndani wapi? Kwani ulikuwa nje?

MSOMI: Ndani ya... kitengo. Kuna kitengo cha ndani. Ni zamu ya jioni, kuanzia kesho.

MAMA: Mungu mkubwa. Unaona? Si nilikuambia, mvumilivu hula mbivu.

MSOMI: Uliniambia. Na bosi naye aliniambia, kila siku. Vumilia, utaingia ndani. Vumilia jua hili—

MAMA: Jua la nini, na wewe uko kwenye kiyoyozi?

MSOMI: Ni usemi tu. Maana yake kazi ngumu. Sikiliza basi, unajua zamu ya jioni maana yake nini? Mchana nitaingia darasani. Yule mwalimu wa somo la vipimo alishaniambia mbele ya watu, nikikosa kipindi chake tena hata mara moja, chumba cha mtihani nitakitazamia dirishani.

MAMA: Ngoja. Rudi hapo. Ulikuwa huingii darasani?

MSOMI: Nilikuwa naingia vile vya asubuhi.

MAMA: Mimi nimekupeleka chuo, wewe umekwenda ofisi.

MSOMI: Kipindi chake ni mchana, na kazi ilikuwa mchana. Ningejigawa vipi?

MAMA: Ungeacha kazi.

MSOMI: Nikale mihadhara?

MAMA: Usinijibu hivyo.

MSOMI: Samahani, Mama. Lakini huijui kazi ya kutafuta kazi. Kuna rafiki yangu mmoja, yule mrefu, alizunguka muhula mzima. Duka la vitabu wakamwambia wanataka mtu wa kutwa, si wa saa mbili tatu, anayekimbia darasani kama anadaiwa. Kituo cha mafuta wakamwambia wanataka mwenye uzoefu. Akawauliza, huo uzoefu unauzwa duka gani na mimi nikanunue? Mlinzi akamsindikiza nje.

MAMA: Ulimi nao ulimponza.

MSOMI: Akapata watoto wa kufundisha nyumbani kwa mtu. Wazazi wakasema watamlipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi akaenda, akakuta nyumba nyeupe. Wamehama. Watoto wamefaulu, lakini wamehama.

MAMA: Ehe.

MSOMI: Akaenda pale wanapoosha magari. Wakamwambia aoshe wiki nzima ya majaribio, bila malipo, wamtazame. Wiki ikaisha wakamwambia hajafaulu. Kuosha gari, Mama. Mtu aliyefaulu hesabu za chuo kikuu kafeli kuosha gari. Kesho yake akapita pale, akamkuta mwanafunzi mwingine kashika kitambaa, naye yuko kwenye majaribio. Magari yote ya mji huu yanaoshwa na watu wanaojaribiwa.

MAMA: Maskini. Na sasa yuko wapi?

MSOMI: Alipata pahali.

MAMA: Pazuri?

MSOMI: Pana joto.

MAMA: Marafiki zako wana mikosi jamani. Tangu mwaka jana kila ukipiga simu, rafiki huyu kiatu kimeachama, rafiki yule kalala na maji ya bomba. Wewe tu ndiye Mungu kakujalia.

MSOMI: Ndiyo.

MAMA: Hata Mama Pacha hapa ananiambia, mwanao ana nyota. Binti yake mkubwa anaanza chuo. Ananinong'oneza nikuulize, ofisini kwenu hakuna kanafasi?

MSOMI: Ipo ile ninayoiacha mimi. Lakini simtakii mtoto wa mtu.

MAMA: Mbona wewe ilikufaa?

MSOMI: Ni ya kusimama sana. Mwambie nafasi zimejaa.

MAMA: Akikuuliza mwenyewe mwambie mwenyewe. Mimi nakaa naye mlango kwa mlango.

(sauti pembeni, upande wa Msomi: Hivi wewe unamaliza lini? Wateja wameshajaa hapo nje.)

MSOMI: Sasa hivi, bosi. Kichwa nakivaa sasa hivi.

MAMA: Unavaa kichwa gani?

MSOMI: Nani kasema anavaa? Nimesema nakimalizia kichwa. Kichwa cha ripoti.

MAMA: Nimesikia unavaa.

MSOMI: Mtandao huo.

MAMA: Na huyo bosi wako sauti yake kama nilishaisikia mahali.

MSOMI: Wanaume wanaofoka wote sauti yao moja.

MAMA: Hilo kweli. (mtandao unakwaruza) ...na jana nilikuja mjini.

MSOMI: (kimya)

MAMA: Haloo? Umekatika?

MSOMI: Nipo.

MAMA: Nimesema jana nilikuja huko mjini.

MSOMI: Nimesikia. Ulikuja kufanya nini?

MAMA: Macho. Kwa daktari.

MSOMI: Hukuniambia.

MAMA: Ningekuambia ungeacha kazi uje unishike mkono, na mimi sijawa kipofu bado. Tena sikuwa peke yangu. Nilifuatana na mama mmoja.

MSOMI: Mama gani?

MAMA: Humjui. Mtu mzima tu, mwenzangu. Yeye alikuwa anatafuta kibarua, nami nikasema si vizuri kumwacha azunguke peke yake. Miguu hii imevimba mpaka leo, kiatu hakiingii.

MSOMI: Mlizunguka wapi?

MAMA: Wapi hatukuzunguka? Mahoteli, maduka, mpaka wanapofulia mashuka. Kila tulipoingia wanazitazama mvi kwanza, kisha ndiyo wanasikiliza. Mmoja akatuambia bila hata kupepesa macho, mama, vibarua hivi siku hizi tunawapa wanafunzi. Wana damu moto, na hawaombi ruhusa ya kwenda kuzika.

MSOMI: Wanafunzi nao wanaambiwa—

MAMA: Ngoja nimalize. Jua limeshapinda, tukafika kwenye duka moja la kuku wa kukaanga. Pale nje wameweka mtu, wamemvisha vazi la kuku. Manyoya mwili mzima, mdomo wa njano, kishungi chekundu hapa juu. Umeshamwona?

MSOMI: Nimeshamwona.

MAMA: Anacheza peke yake juani ili wapita njia wavutike waingie. Anapiga mbawa, watoto wanamvuta mkia, na jicho lake moja limening'inia hivi kama—

MSOMI: La kushoto.

MAMA: Umejuaje?

MSOMI: Napita pale. Ni njia yangu ya ofisini.

MAMA: Basi wewe unamjua vizuri kuliko mimi. Tukamsogelea. Yule mama akamuuliza, kijana wangu, hapa kuna kibarua chochote? Kuku aliposikia ile sauti akasimama. Mbawa zikabaki juu. Akatutazama weee. Hakujibu.

MSOMI: Hawaruhusiwi kuongea. Ni sheria ya pale, kuku haongei. Akifungua mdomo mbele ya wateja anakatwa mshahara wa siku nzima.

MAMA: Hata shikamoo?

MSOMI: (kimya)

MAMA: Eti nakuuliza wewe unayepita pale. Hata shikamoo anakatwa?

MSOMI: Nadhani.

MAMA: Nilisimama pale nikiisubiri. Miguu ile iliyotokeza chini ilikuwa ya kijana, miguu ya mtoto kabisa. Wamama wazima wamesimama mbele yako na vumbi lao, wewe hata kuinamisha kichwa huwezi? Nikasema moyoni, huyu kwao hakuna mama.

MSOMI: Pengine mle ndani mtu hasikii vizuri.

MAMA: Alisikia. Usiwe na haraka, utaona kama hakusikia. Akatoka meneja, wa kiume, mnene mnene. Yule mama akamweleza shida yake. Meneja akasema nafasi ipo, moja tu. Kuosha vyombo jikoni, jioni. Moyo wangu ukaruka... kwa ajili yake yule mama. Kumbe pale mezani nje kuna wateja, na yule bwana anapenda kuchekesha wateja. Akageuka, akapiga makofi, akasema, hebu tumuulize kuku. Bwana kuku, tumchukue huyu mama?

MSOMI: Mama, salio la Mama Pacha litaisha bure kwa mambo ya—

MAMA: Lipo. Kaliweka asubuhi. Watu wote wakamgeukia kuku. Nami nikamgeukia. Nikasema, huu ni mzaha, lakini mzaha mwingine una baraka zake. Akikubali tu, akipiga mbawa zake zile, watu watafurahi, na meneja ataona haya kurudi nyuma. Unajua alifanya nini?

MSOMI: Nilitikisa—

MAMA: Eti?

MSOMI: Alitikisa. Nasema, bila shaka alitikisa kichwa.

MAMA: Alitikisa kichwa. Huku na huku, taratibu, likichwa lile linayumba na jicho linapiga shavu. Wale watu walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Meneja akasema, pole sana mama, kuku amekataa. Na mimi nikacheka. Ungefanyaje? Ukicheka nao angalau unaondoka umesimama. Nikacheka mpaka kwenye kona, ndiyo nikaacha.

MSOMI: Na yule mama?

MAMA: Yule mama nini?

MSOMI: Mliyefuatana naye. Naye alicheka?

(mtandao unakwaruza)

MAMA: Hakukuwa na mama mwingine, mwanangu.

MSOMI: Najua.

MAMA: Unajua?

MSOMI: Nimekisia. Cherehani iko wapi?

MAMA: Imechukuliwa na fundi wa kule sokoni.

MSOMI: Ameichukua kuitengeneza?

MAMA: Ameinunua.

MSOMI: Lini?

MAMA: Ile siku uliyonipigia ukasema chuo wamefunga mlango, asiyelipa ada asikanyage.

MSOMI: Nilikuambia nitajitafutia. Nilisema, Mama, usihangaike, mimi nitajitafutia.

MAMA: Ulisema. Nikaona mtoto akijitafutia ada na chakula kwa pamoja, atapata kimoja. Cherehani ni chuma tu.

MSOMI: Cherehani ndiyo iliyotulea. Baba alipoondoka ni ile cherehani—

MAMA: Basi imemaliza kazi yake. Imekufikisha hapo ulipo, kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Mimi silalamiki. Ila mikono imezoea kufanya kazi, nikikaa bure inaniuma. Ndiyo nikaja kutafuta.

MSOMI: Ungeniambia.

MAMA: Ungenipa nini? Wewe mwenyewe unashindia viazi. (Msomi anavuta kamasi) Unalia?

MSOMI: Kikohozi.

MAMA: Kikohozi gani hicho cha puani?

MSOMI: Mama, yule kuku. Pengine ile nafasi ya jikoni aliahidiwa yeye. Pengine yuko juani pale tangu muhula uanze, anaambiwa vumilia, ndani kukipatikana nafasi utaingia wewe. Halafu siku nafasi inapatikana, anakuja mtu mwingine kuiomba mbele ya macho yake.

MAMA: Pengine.

MSOMI: Na pengine naye ana mtihani. Mle ndani jasho linakuingia machoni na huna mkono wa kulifutia, mikono yote ni mbawa. Unachungulia kwenye tundu la mdomo. Ukiulizwa swali watu wanacheka, na una muda wa kuvuta pumzi moja tu kabla hujajibu. Mtu anaweza kufanya jambo ambalo... Na pengine hakutaka mama wa watu aje kuinamia masufuria ya watu, aone pale mahali palivyo. Pengine alikuwa na sababu mbili, na nzuri ilikuwa ndogo kuliko ile mbaya.

MAMA: Unamtetea sana.

MSOMI: Simtetei. Hata kidogo simtetei.

MAMA: Mimi nilitaka kumlaani. Nikiwa kwenye gari narudi. Nimebanwa dirishani, miguu inapwita, nikasema kwa mdomo wangu huu, wewe kuku, Mungu akuonyeshe na wewe. Mama yako naye... Nikafika hapo nikaacha.

MSOMI: Ulitaka kusemaje?

MAMA: Achana nayo.

MSOMI: Sema, Mama.

MAMA: Nilitaka kusema, mama yako naye afukuzwe mlangoni hivi hivi, na wewe umesimama unatazama. Lakini sikumaliza. Huyo mama yake kanikosea nini? Naye yuko mahali anamwombea.

(sauti pembeni, upande wa Msomi: Kijana, simu hiyo nitaitia kwenye mafuta.)

MSOMI: Nakuja.

MAMA: Bosi wako huyo anakuita. Basi nikwambie haraka lililonifanya niazime simu, haya mengine yamekuja yenyewe. Leo asubuhi, kabla simu yangu haijazima, yule meneja kanipigia. Namba yangu nilikuwa nimemwachia nilipomweleza shida, kabla ya kuku kuulizwa.

MSOMI: Kakupigia wewe?

MAMA: Mimi. Anasema kazi ipo, nianze kesho. Nikamuuliza, jikoni? Akasema hapana, jikoni kumeshapata mtu. Yule kuku ndiye ameingia jikoni. Vazi limebaki halina mtu, na duka bila kuku mlangoni haliuzi.

MSOMI: Hapana.

MAMA: Nikamwambia, bwana, mimi ni mtu mzima, nitachezaje juani? Akasema, mama, ndani ya lile vazi hakuna mzee wala kijana, kuna kuku tu. Na mvi hazitaonekana.

MSOMI: Hapana, Mama. Hapana. Usikubali.

MAMA: Nimeshakubali. Nitalala kwa mamdogo wako, ni karibu na pale. Nikasema lazima nikuambie, usije ukapita njia yako ya ofisini ukamwona kuku anachechemea, ukacheka bila kujua ni nani.

MSOMI: Mama, lile vazi halina pa kupitisha hewa. Ukanda wa kiunoni unakata nyama. Watoto wanapiga ngumi tumboni kuona kama kuku atalia, na huruhusiwi kulia. Huwezi. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza nil—

(mtandao unakwaruza)

MAMA: Umekwenda, sikukusikia. Wewe mwenyewe nini?

MSOMI: Nasema ni kazi ngumu.

MAMA: Kazi mbaya si mchezo mwema. Na wala sitaanza kama kipofu. Meneja kasema yule kijana atafika asubuhi anionyeshe namna ya kulivaa na kucheza kwake, kisha yeye anarudi zake chuoni, jikoni anaingia jio...

MSOMI: Mama.

MAMA: ...anaingia jioni. Kuanzia kesho.

(kimya kirefu)

MAMA: Msomi.

MSOMI: Naam.

MAMA: Wewe umesema umehamishwa lini?

MSOMI: Kesho.

MAMA: Ndani.

MSOMI: Ndani, Mama.

MAMA: Leo umekula kuku kweli?

MSOMI: Hapana.

MAMA: Viazi?

MSOMI: Vilivyobaki kwenye sahani za watu.

(kwa mbali mtu anamwita Mama Pacha)

MSOMI: Mama, usije kesho. Nakuomba. Nitamwambia bosi anirudishe nje, jikoni uingie wewe. Nitamwambia leo hii.

MAMA: Na mtihani?

MSOMI: Mama—

MAMA: Nakuuliza, na mtihani? Cherehani yangu iliuzwa ili usiufanye?

MSOMI: Nitafanya mwaka ujao.

MAMA: Mwaka ujao niuze nini? Sikiliza. Lile neno la kwenye gari sikulimaliza. Umenisikia? Lilifika mdomoni nikalimeza. Usije ukakaa ukadhani lilitoka.

MSOMI: Lakini lilitimia, Mama. Kabla hata hujalisema.

MAMA: Nyamaza.

MSOMI: Niliijua sauti yako tangu neno la kwanza. Nilitaka—

MAMA: Nimesema nyamaza, Mama Pacha yuko hapa anasubiri simu yake. Mbele za watu wewe una ofisi. Ofisi hiyo niliitangaza mimi kanisani na sokoni, siwezi kuirudisha kwa siku moja. Kesho asubuhi nitakuja nivae hilo vazi, nawe utaingia darasani, na jioni utaosha masufuria. Tutaonana mlangoni tukipokezana.

MSOMI: Nitakuja kukupokea kituoni.

MAMA: Usije kituoni. Utanikuta pale pale uliponiacha jana.

MSOMI: Mama, nisamehe.

MAMA: Hayo si ya simu ya kuazima. Haya, huyo mwanamke wa simu keshaanza kuniambia salio linakaribia kuisha. Ujue tu jambo moja. Mimi sivai unyoya hata mmoja. Nitasimama kwanza mlangoni na vumbi langu, na meneja awepo, na wateja wawepo, na wewe utafungua huo mdomo wako, wakate siku wakitaka kukata, mpaka nisikie—

(simu inakatika)

MSOMI: Mama? Haloo? Mama.

(sauti pembeni: Kuku, nje.)

MSOMI: Shikamoo, Mama.